Bibi Dakika na Viduara Vitatu

Kwa miaka kumi na tisa dobi huyu alikuwa amefua shuka za hospitali, na elimu yote aliyoipata duniani ni alama mbili za wino: shuka za wodi ya wazazi zina kiduara pembeni, za wagonjwa wa kuambukiza zina msalaba. Kaka zake walipelekwa shule. Yeye alipelekwa kisimani, na hilo hajawahi kulisamehe.

Ndiyo maana bintiye, aliyeolewa mbali ambako simu haipigiki ila ujumbe unapenya, alipoingia mwezi wa tisa wa mimba walikubaliana hivi: akijifungua salama atatuma viduara vitatu. Likiharibika jambo, msalaba. Mimba mbili zilikuwa zimeshatoka. Mama akaapa simu haizimwi hata usiku mmoja.

Kampuni ya simu nayo ikaapa halali mtu. Saa saba, ting! Saa tisa, ting! Kila mlio dobi anaruka, roho mkononi, anatafuta viduara vitatu. Hakuna. Maandishi tu, yamejazana kama siafu.

Usiku wa Jumatano viduara vikaja. Vitatu, vimeshikana, kati ya maneno mengi. Akadhani maneno yale ni furaha ya mwanawe. Alipiga vigelegele mpaka taa za vyumba vyote vya ua zikawaka. Wifi yake, dada wa mume aliyemkimbia, akatoka amejifunga shuka, akainyakua simu na kusoma kwa sauti:

"Ndugu mteja, jiunge usiku huu upate dakika 1000." Akawageukia watu. "Hongera, wifi! Mjukuu anaitwa Dakika Elfu."

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Kulipokucha tayari alikuwa Bibi Dakika.

"Si uwe unaizima tu usiku, wifi?"

"Niizime mimi? Kwani mwenye kosa ni mimi?"

Aliomba ruhusa kazini, akaenda hadi duka la kampuni, akapanga foleni. Zamu yake ilipofika akaiweka simu kwenye kaunta, kwa mkono uliochubuliwa na sabuni.

"Nani ananiamsha usiku?"

Binti wa kaunta akatabasamu. "Hakuna mtu, mama. Ni mashine, inatuma yenyewe."

"Basi niitie hiyo mashine."

Foleni ikaangua kicheko.

"Mama, unaandika tu neno ONDOA, halafu unatuma..."

"Siandiki. Sisomi. Mliponiuzia laini hamkuniuliza kama nasoma."

"Basi kaa pembeni kidogo nimhudumie huyu."

"Sikai. Pembeni nimekaa maisha yangu yote. Soma hapo mwanzo, mmeniitaje?"

"Ndugu mteja."

"Ndugu! Ndugu akikuamsha saa tisa za usiku, kuna msiba au kuna mtoto. Nyinyi mna kipi?"

Mwanamume aliyekuwa nyuma akanyoosha simu yake. "Na mimi mniondolee." "Hata mimi!" akadakia mwingine. Meneja akatoka ofisini, kikombe cha chai mkononi.

"Kuna nini hapa?"

"Ndugu zako tumekuja," dobi akamjibu.

Meneja alibonyezabonyeza simu ile, akamrudishia. "Tayari, mama. Hutasumbuliwa tena."

"Na hawa wengine?"

Hakutoka dukani mpaka wote walipoondolewa kwenye orodha.

Usiku huo simu haikulia. Wala wa pili. Ukimya ukawa mgumu kuliko kelele. Mara tatu aliitikisa kuhakikisha bado iko hai. Usiku wa tatu, karibu na alfajiri, ting!

Safari hii hakuruka. Aliketi kitandani, akajifunga nguo vizuri, ndipo akatazama. Viduara vitatu. Akatafuta juu, akatafuta chini. Hakuna alama nyingine.

Akatoka, akasimama katikati ya ua, na vigelegele vyake vikavizidi vile vya Jumatano.

"We Bibi Dakika!" wifi akafoka dirishani. "Watu wamelala!"

"Waamke! Mwezi mzima nimeamshwa na ndugu wa uongo." Akaipenyeza simu katikati ya nondo za dirisha. "Shika. Soma kwa sauti, kama ile siku."

Wifi akafikicha macho. "Mbona hakuna maneno? Ni sifuri, sifuri, sifuri."

"Hawajasikia huko mwisho wa ua," alisema dobi. "Rudia."