Jabali Uwanjani Makunduchi

Katika ukurasa wa tisa Jabali anamvunja mtu taya. Zahran aliuchora ukurasa ule mara nne, mpaka meno yakaruka kama punje za mahindi na damu ikafika ukingoni mwa karatasi. Jabali ndiye shujaa wa kitabu chake cha katuni, kinachouzwa sokoni Darajani pamoja na madaftari ya shule. Ila shujaa huyu ni mwizi anayejigeuza sura apendavyo. Huiba kwa sura ya jirani yako, kisha hurudi kwa sura ya shujaa, akampiga jirani huyo huyo hadharani, na watu wakamshangilia.

Zahran, mwandika mabango ya maduka, mpole hata kwa paka, hakuyazua hayo kichwani. Mwezi wa Rajabu, akiwa juu ya ngazi na brashi mkononi, alimwona Mkubwa, mlinzi wa mtaa wao wa Malindi, akimpiga rungu mchukuzi mmoja aitwaye Kificho mpaka sikio likachanika. Simu ya mgeni iliyosemwa kuwa kaiba Kificho, Mkubwa aliitoa kwenye koti lake mwenyewe. Zahran hakusema neno. Kificho akafungwa miaka miwili, na Zahran akachora.

Mtaa ukacheka, maana Jabali alikuwa na pengo la jino la Mkubwa na mwendo wake wa kutupa mabega. Mkubwa hakucheka. Alimtaka Zahran ampe Jabali sura ya Kificho, Zahran akakataa. Basi Mkubwa, mzaliwa wa Makunduchi, akamwalika kwao siku ya Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya, wanaume wa kusini na wa kaskazini mwa kijiji wanapopigana kwa migomba. Mwenye kinyongo hukitolea hapo uwanjani, na pambano likisha hakuna anayedai tena.

Zahran alikwenda akidhani mgomba ni mgomba.

Pigo la kwanza lilimrushia maji ya mgomba machoni. La pili lilimvunja vidole viwili vya mkono wa kulia, akavisikia vikilia. La tatu lilimpata mbavuni, akaanguka kifudifudi, mchanga na damu kinywani.

“Inuka, mtoto wa mjini,” Mkubwa alisema. “Nchore na hapa.”

Pigo la nne likaupasua mgomba, nondo iliyofichwa ndani ikachomoka, ikaanguka. Bi Mwamvua, aliyekuwa akiwaongoza wanawake kuwaimbia wapiganaji matusi, akaiokota. Nyimbo zikakatika. Akamwuliza Zahran wana nini wawili hawa, hata mmoja atie chuma katika mwaka wa watu.

Mkubwa alikwishabadilika. Alipiga magoti, akamfuta Zahran damu kwa kikoi chake, akaapa kuwa ule mgomba kapewa tu. Wengine wakaanza kumhurumia.

“Simu kaiba yeye, Bi Mwamvua,” Zahran alisema. “Mie nlimwona. Kificho yumo jela bure, na mie nkanyamaza.”

Hakuna aliyengoja zaidi. Watu wa kusini na wa kaskazini walimvamia Mkubwa kwa pamoja, kwa migomba, kwa mateke, mmoja akampokonya Bi Mwamvua ile nondo, akaiinua. Zahran alisikia taya likivunjika. Kwenye karatasi halikuwa na sauti. Aliwasihi waache, wasisikie. Akatambaa kati ya miguu yao, akamlalia Mkubwa kifuani, akayapokea mapigo mgongoni, maana Mkubwa akifa, hakuna atakayekwenda mahakamani kukiri wizi na kumtoa Kificho.