Maji Chini ya Ukuta wa Anastasie

Anastasie aliposhukuriwa kwa ajili ya maji, hakujua ni maji gani. Joséphine, aliyekaa na familia yake bondeni chini ya bwawa, alipanda asubuhi na fungu la lengalenga mkononi kumwambia aksanti. Tangu mvua zianze, maji safi yalikuwa yanatoka pale chini kabisa ya ukuta, na wanawake hawakuhitaji tena kwenda mbali kuteka. Walifikiri mwenye bwawa amewawekea bomba.

Anastasie alipokea mboga, akasema karibu. Hakuwa ameweka bomba lolote.

Bwawa lilikuwa la marehemu mume wake, Étienne. Aliziba kijito kimoja nje kidogo ya Bunia kwa ukuta wa udongo ili ng'ombe wake wanywe. Vita ikachukua ng'ombe, maji yakabaki. Vijana wakaanza kuja kuogelea, maharusi wakaja kupiga picha, na Étienne akajenga vibanda vya nyasi mlimani na kununua mtumbwi. Alipokufa kwa ugonjwa, Anastasie aliendelea. Kila Jumapili baada ya misa watu walikuja kula mbuzi wa kuchoma na kunywa bia. Yeye mwenyewe hakuwahi kuogelea. Hata mtumbwi aliogopa kuupanda. Alijua wageni wake na nyama yake. Ukuta aliuacha usimame wenyewe, kama ulivyosimama wakati wa mume wake. Na familia zilizokimbia vita upande wa Djugu zilipokosa mahali, ni yeye aliyewaambia wajenge kule chini.

Alishuka kuona. Maji yalitoka katikati ya majani, kimya, kama yamekuwa pale siku zote. Alijaribu kukumbuka kama palikuwa na chemchemi kabla ya bwawa. Alikumbuka matope na ng'ombe wakiyakanyaga, lakini ng'ombe hukanyaga matope popote.

Akamwita Laurent, mdogo wa Étienne, aliyesaidia kujenga. Laurent alisema ni chemchemi tu, na tena kila ukuta wa udongo hutoa jasho, na mizizi ya mikaratusi iliyopandwa juu yake imeshika udongo vizuri. Jumapili Anastasie akamuuliza Emery, injenia wa barabara, mgeni wake wa kila mara. Emery aliacha sahani yake, akashuka, akachuchumaa pale muda mrefu. Alisema mizizi hiyo hiyo ndiyo inayofungulia maji njia. Anastasie akauliza kama aikate miti. Hapana, mizizi ikioza ndani itaacha matundu. Kwa hiyo miti ni mibaya ikisimama, na mibaya ikikatwa? Emery alikubali kwamba ni hivyo. Yeye alisomea barabara, mabwawa kidogo tu. Ila jambo moja alikuwa na hakika nalo: maji yakitoka safi, bado kuna muda, yakitoka na udongo, ukuta unaliwa kwa ndani.

Katikati ya juma mvua kubwa ilinyesha. Ilipokatika, Joséphine alikuja kusema maji yamekuwa mekundu. Anastasie alishuka mbio. Yalikuwa mekundu kweli. Lakini kijito nacho kilikuwa chekundu, mifereji ya barabara ilikuwa myekundu, viatu vyake vilikuwa vyekundu. Alijaza ndoo, akaiacha itulie, akaangalia udongo uliobaki chini yake, na hakujua alikuwa anaangalia nini. Alimpigia Emery, simu haikupita. Alimpigia Laurent, akajibu kwamba mvua ni mvua. Akaenda kwenye gurudumu la chuma ambalo Étienne alilizungusha zamani kufungulia maji. Kutu ilikuwa imelishika, halikusogea hata kidogo.

Ndipo akawaambia watu wa bondeni wapande kwenye vibanda. Jérôme, mume wa Joséphine, alikataa.

"Tulikimbia kule kwetu, leo weye tena unatufukuza? Uliuzisha hii parcelle yenye tulijenga?"

"Sikuuzisha kitu, baba," Anastasie alisema. "Hii ukuta inaweza anguka. Ao inaweza bakia hivi miaka mingi. Niliuliza watu, na mpaka sasa sijue."

Jérôme alimwangalia usoni. Siku nyingine alieleza kwamba kama mama yule angeongea kwa hakika, asingemwamini. Aliita watoto, na majirani wakamfuata.

Laurent, ingawa hakuona hatari, aliazima motopompe ya kuvuta maji kwa marafiki zake wachimba dhahabu wa Nizi. Emery naye alifika, akaonyesha mahali pa kumwaga maji mbali na ukuta, akawakataza kufanya haraka: bwawa likishuka ghafla, ukuta unaweza kuporomoka kwa ndani. Anastasie aliketi kwenye nyasi. Alishindwa kuelewa ukuta gani huu, unaoogopa maji yakiwepo na unaoogopa yakiondoka.

Bwawa lilipofika nusu, maji ya chini ya ukuta yalipungua lakini hayakukauka. Yakawa safi tena. Laurent akasema si alisema, ni chemchemi. Emery akasema ukuta bado unatoa yale uliyokunywa. Wote wawili walikuwa wanaonyesha maji yale yale kwa kidole.

Anastasie aliamua bwawa libaki nusu. Pembeni, kwenye udongo mgumu, walichimba mfereji ili maji yasipande tena. Wageni walipungua, bibi arusi mmoja aliangalia matope, akarudi ndani ya gari.

Kiangazi kilipoanza, familia zilirudi bondeni. Jérôme alikuwa wa mwisho, na alimuuliza kama ukuta ulitaka kuanguka kweli.

"Hata leo sijue," alisema Anastasie.

"Ukituita tena, tutapanda," Jérôme alijibu. Akaweka godoro kichwani, akashuka.

Anastasie alibaki juu ya ukuta, hajui kama asimame pale ao atoke.