Mgongo wa Mkandaji

Ndugu zangu mnaoumwa migongo, mimi ni Bi Mwanaisha, mkandaji wa wazazi hapa Dunda. Mwanamke akijifungua, huitwa mimi na maji yangu ya moto. Wakati huo nilikuwa naingojea kwa hamu zamu ya Rehema, mke wa mwanangu Shabani, mwenye mimba ya kwanza.

Asubuhi moja niliteleza uani nimebeba sufuria, nikaangukia makalio. Mgongo ukalia ka! Maumivu yakanizunguka mbavuni, pumzi ikakatika. Sikuweza hata kujigeuza. Rehema alinisafisha kitandani kama mtoto, na aibu niliyoona Mungu anaijua.

Mganga hajigangi. Nikamwita shoga yangu Bi Hadia aje na mafuta ya nazi anikande. Rehema akasimama mlangoni na tumbo lake.

"Mama, leo nakukosea adabu. Hakukandi mtu mpaka upigwe picha."

Nilimtukana. Hakusogea.

Mwishowe wakanipakia garini; kila tuta la barabara ya Mapinga lilinitoa machozi mpaka hospitali ya Dar. Daktari akatuonyesha picha: pingili moja ya uti wa mgongo imebonyea.

"Mama, ungekandwa, kipande kingeweza kusogea kwenye mishipa ya fahamu. Miguu ingepooza."

Nikamshika Rehema mkono.

Siku ya tiba nililazwa kifudifudi, nikiwa macho, mgongo umetiwa ganzi. Sindano nene zingepita kwenye matundu madogo, puto liinue mfupa, kisha saruji maalumu ijaze uwazi.

"Usikohoe, mama. Usijitikise."

Hapo hapo koo likaanza kuniwasha! Nikasikia nyundo ikigonga sindano, ko, ko, ndani ya mifupa yangu. Niliogopa sana. Nikameza mate, nikatoa shahada moyoni. Nikipooza, nani atamkanda Rehema?

"Chezesha vidole vya miguu."

Vikacheza. Nikalia.

Jioni nilisimama, mgongoni nina plasta ndogo tu. Alhamdulillahi, na madaktari wale Mungu awalipe. Nanyi, mkianguka mgongo ukauma, msikubali mkono wa mtu kabla ya picha, hata uwe wangu.

Rehema alijifungua mtoto wa kike. Nimekatazwa kubeba vizito, basi maji aliyaleta Shabani. Nikainama polepole, nikamwekea Rehema kitambaa cha moto kiunoni.

"Mama, taratibu, mgongo wako."

"Geukia huku," nikamwambia, "mkosa adabu wangu."