Nta Kwenye Mfuniko wa Tangi

Mmewahi kusikia gari likivuta pumzi? Mimi nimelisikia wiki hii, tukitoka Ugalla kuja Mpanda, kwenye Landrova kuukuu iliyombeba mama mjamzito mwenye uchungu. Ilizima katikati ya pori! Dereva akafunua boneti, akachukua spana, akataka kufungua kabureta.

Bibi mmoja, mrina asali tuliyepanda naye, akagusa mfuniko wa tangi la petroli kwa kidole.

“Umeuziba na nini huu, mwanangu?”

“Nta, bibi. Petroli ilikuwa inamwagika kwenye makorongo.”

“Umeziba kote?”

“Kote.”

“Debe la asali ukilitoboa tundu moja tu, asali haitoki vizuri. Lazima utoboe la pili, hewa iingie. Sasa hapa hewa inapita wapi?”

Dereva akacheka. Mjamzito hakucheka.

“Nyie, fungueni huo mfuniko!”

Dereva akafungua. Fyuuu! Tangi likavuta hewa, akapiga stata mara tatu, injini ikanguruma. Tulishangilia kama tumefunga goli!

Hospitali tulifika salama, na mtoto ni wa kike. Dereva naye yuko stendi, anasimulia alivyoitengeneza ile kabureta ambayo spana yake haikuigusa.