Valvu ya Turbo na Nta ya Ndayizeye

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Karakana aliniuliza nimeishia darasa la ngapi. Nikasema la nne. Akanipa brashi ya waya na ndoo ya dizeli. "Utaosha spea. Ukichoka, jembe liko kwenu." Sikuchoka. Nyie mnaoingia gereji na cheti mkononi, jueni mimi injini niliijua kwa kuiosha kipande kwa kipande, nikiuliza kila kipande kina kazi gani hadi watu wakanichukia.

Miaka ya tisini nilikuwa Fundi Mkuu wa mradi mmoja wa tumbaku hapa Mpanda. Meneja akaagiza gari la Kijapani la petroli, lenye turbo. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini ili isukume hewa nyingi ndani, gari lipate nguvu. Ikisukuma kupita kiasi, injini inakufa. Kwa hiyo kuna valvu ndogo ya umeme ya kuamua isukume kiasi gani. Valvu hiyo ndiyo iliyotaka kunizeesha kabla ya wakati.

Dereva alikuwa Ndayizeye, mtu wa Katumba, mpole, makini kupita kiasi. Siku moja alirudi kutoka Sibwesa amenuna.

"Fundi, gari halina nguvu. Mlimani nimepitwa na trekta."

"Labda trekta lilikuwa tupu."

"Lilikuwa limejaa mahindi, bwana."

Nikapima umeme: upo. Valvu inagonga tik-tik kama kawaida. Mipira ya hewa mizima. Nikasema basi, valvu yenyewe mbovu, tukaagiza nyingine Dar. Tuliingoja treni hadi Meneja akaacha kunisalimia. Nilipoifunga mpya, gari likaruka kama limechomwa mwiba. Nikatembea kifua mbele. Ndayizeye akaenda tena Sibwesa, akarudi: nguvu hakuna.

Meneja alinikuta nimeinamia injini. "Ijumaa hili gari linapakiwa treni kwenda Dar. Wakiliweza huko, funguo za gereji utaziacha mezani kwangu."

Nilitamani kuipiga nyundo. Umeme upo, valvu mpya, inagonga. Sasa inataka nini tena? Nikaichomoa kwa hasira, nikaiunga na betri na kuipuliza kwa mdomo, kama tulivyokuwa tukipuliza jeti za kabureta, vile vitundu vya kupitishia petroli. Hewa haikupita. Nikanyonya. Ulimi ukapata asali.

"Ndayizeye! Hili tundu limezibwa na nini?"

"Nta ya nyuki wangu," akajibu, kama nimemuuliza jina lake. "Mto wa njia ya Sibwesa ukijaa, naziba matundu yote, maji yasiingie kwenye injini. Nikishavuka, natoa."

"Na hili mbona hukutoa?"

"Hilo halina mpira wala kifuniko. Nikajua nyie mafundi mmesahau. Nikawasaidia, nikaliziba kabisa."

"Umenisaidia!"

Nikakaa juu ya tairi. Tundu lile ni la kupumulia. Likizibwa, valvu inagonga bure na turbo inabaki na nguvu ya chini. Ile mpya nayo alikuwa ameshaisaidia.

Akanitazama. "Watanifukuza, fundi? Watoto wangu wanasoma."

Nikamtukana kwa lugha zote ninazozijua huku nikiosha valvu kwa petroli. Kisha tukampandisha Meneja ndani ya gari, tukapanda mlima bila kupitwa na trekta lolote.

"Shida ilikuwa nini?" akauliza.

Ndayizeye akakosea gia.

"Tundu liliziba, mzee. Barabara ya Sibwesa unaijua."

Nikabaki na funguo zangu, naye akabaki na usukani wake.

Sasa nimestaafu. Vijana wanakuja na mashine za kusoma hitilafu, mashine inataja valvu, wanabadilisha valvu, gari linarudi vilevile. Nawauliza kama wamepuliza, wananicheka. Pulizeni kwanza, nyie! Na muulizeni dereva amegusa nini.

Ndayizeye naye ni mzee. Kila msimu wa asali ananiletea chupa, mdomo ameuziba kwa nta hadi naufungua kwa bisibisi. Nimemwambia mara ngapi kwamba dukani kuna vifuniko.

"Vifuniko vinavuja, fundi," anasema.