Zamu ya Masufuria

Karatasi ya zamu za kambi ya pamoja ya maskauti ilifika shuleni Jumatatu, imepigwa taipu vizuri. Vijana wa Kizungu: ramani na uongozi wa vikosi. Vijana wa Kihindi: stoo ya chakula. Sisi Waafrika: kuni, maji, na kuosha masufuria ya kambi nzima. Siku tano huko Ushongo, sare moja, kiapo kimoja cha udugu, halafu sisi ndio maboi wao.

Mwalimu mlezi alisema mkuu wa chama yuko tayari kusikia maoni ya vijana wenyewe, ila iwe barua yenye sahihi zetu zote kumi na mbili. Ikipungua hata moja, haipeleki. Mimi kusema mbele za watu siwezi, lakini mwandiko wangu unasifiwa, basi nikapewa kazi. Niliandika kwa hasira. Nikataka kila zamu ichanganywe, nikauliza kama masizi yanachagua mikono. Hapo nilijipenda, nikaparudia kusoma mara tatu.

Jumatano tukatia sahihi darasani. Aliyebaki ni mmoja, yule ambaye baba yake aliletwa kutoka kusini kwa mkataba wa kukata mkonge. Jina lake haliitwi, anaitwa Manamba. Akaisoma barua taratibu, akaiweka kalamu chini.

"Barua nzuri," akasema. "Na ile ya ukutani kaandika nani?"

Ukutani palikuwa na zamu zetu wenyewe, za siku ya kikosi kupika, kila Jumamosi, tangu muhula uanze. Mwandiko wangu. Masufuria: yeye. Wiki hii yeye, wiki ile yeye. Niliandika nilivyoambiwa na kiongozi wetu wa kikosi, na sikuwahi kujiuliza.

"Si umezoea, wewe," kiongozi akamwambia. "Au wataka ukashike ramani?"

"Tena huyasugua yakang'aa," mwingine akadakia. Wakacheka.

Wino wa sahihi zao ulikuwa haujakauka. Watu wale wale! Na mimi niliyewaandikia.

Nikainuka, nikaibandua ile karatasi, nikaandika zamu upya kwa kufuata alfabeti. Jumamosi ya kwanza mimi, ya pili kiongozi.

"Nani kakutuma?" akaniuliza.

"Hakuna." Nikaibandika ile mpya ukutani.

"Nitatia sahihi Jumamosi," akasema yule mwenzetu aliyeweka kalamu chini. "Kwanza nione."

Jumamosi nikasugua kwa kumbi la nazi na mchanga mpaka kucha zikaniuma. Alikaa kando yangu, hakunisaidia. "Chini hapo bado," akasema. Nikarudia. Akaichukua kalamu, akatia sahihi.

Jumamosi ya pili kiongozi alikuja kwangu, akaitaka barua, akalikata jina lake. "Mimi siwezi kuosha chombo alicholia Manamba."

Mwalimu kaniita leo. Ati nizungumze na mwenzangu, akubali zamu za zamani hizi siku chache tu, kiongozi arudishe sahihi, barua iende. Yaani aoshe yeye ili sisi tusioshe. Nilisimama mbele ya meza yake nikitazama viatu vyangu, nikasema, "Hapana, mwalimu." Hakuamini kuwa ni mimi.

Barua imo humu daftarini, ina sahihi kumi na moja. Masufuria ya Jumamosi bado yako penye bomba, yameganda ukoko, inzi tele. Jina la kiongozi nimeliacha pale pale ukutani. Mpaka ayaoshe, hatupiki.