Mfumo Mpya, Magunia Yaleyale

Tangu mke wangu afariki, simu yangu hupigwa kwa sababu moja tu: kompyuta ya mashine fulani ya kukoboa mpunga imejiapdeti, na stika zimegoma kutoka.

Programu yenyewe niliiandika mwenyewe, hapa Mpanda, wakati nyumba ingali na watu. Wakulima huacha mpunga wao kwenye ghala la mashine hadi bei ipande, na zamani kila familia ilifunga kipande cha kitenge chake kwenye mdomo wa gunia ili lisichanganywe na la jirani. Vitenge vikifanana, ugomvi. Mimi nikaleta stika: unaandika jina la mwenye gunia, printa ndogo inatoa karatasi yenye gundi, unabandika, kazi imekwisha. Mashine za Kakese, Mwamkulu na Sitalike zikaipokea.

Kasheshe ni kwamba kompyuta haitulii. Kila baada ya muda wenye mfumo unaoiendesha wanatoa toleo jipya, na kila toleo linaingia kama mgeni anayehamisha viti vya mwenye nyumba. Safari moja linaizuia programu yangu kuhifadhi majina pale ilipozoea. Safari nyingine haliitambui printa. Hapo ndipo ninapopanda pikipiki. Nafika nimejaa vumbi na maneno. "Nyie watu, nani amebonyeza kukubali? Si nilisema msiguse?" Wananiletea kiti, maji ya kunawa, wali na samaki aina ya migebuka, nami nafoka huku nakula. Kufoka ni tabia yangu; marehemu mke wangu alikuwa akinicheka, maana hasira yangu huishia mdomoni. Jioni narudi nyumbani nimeshiba na nimesikia sauti za watu.

Mwaka huu, toleo jipya lilipotangazwa, niliamua nisiumbuke. Nililiweka kwanza kwenye kompyuta yangu, nikaandika upya sehemu yote ya kuchapisha, nikajaribu na kujaribu hadi meza ikajaa stika zenye jina langu. Nikawatumia wenye mashine wote faili jipya kwenye simu zao, na maelezo juu yake. Kisha nikakaa kusubiri.

Simu haikulia. Wiki ya kwanza nilijisifu. Baadaye nikaanza kuikagua kama ina chaji. Nilipika ugali, nikala nusu, nusu nikaila asubuhi nimesimama. Nilikuwa nimeiponya programu, na sasa hakuna aliyekuwa na haja nami. Sitaki kuzunguka: nilikuwa mpweke, na nilimwomba Mungu printa ya mtu iharibike.

Mwisho nikawasha pikipiki, nikaenda Mwamkulu bila kuitwa. Mama anayesimamia ghala pale, mtu wa rika langu, alinyanyuka haraka aliponiona.

"Kwema, fundi? Nani kakuita?"

"Hakuna. Nimepita tu."

Nikachungulia ghalani. Magunia yamepangwa mpaka juu, na kila mdomo umefungwa kitambaa. Stika mpya hakuna hata moja. Kompyuta ilikuwa imefunikwa khanga kuzuia vumbi la pumba. Nikaiwasha: mfumo mpya upo, programu yangu ni ileile ya zamani. Faili nililotuma lilikuwa limelala kwenye simu ya mama, halijafunguliwa.

"Imegoma lini?"

"Muda kidogo sasa. Ilivyojiapdeti tu, ikakataa."

"Mbona hamkupiga simu?"

Akaangalia vidole vyake. "Tulikaa tukasema, yule baba amefiwa, yuko peke yake, na kila akija anakuja na hasira. Tusimsumbue. Vitambaa tumevizoea toka zamani. Hata wa Kakese na Sitalike nao wamefunga vitambaa."

Siku zote hizo nilidhani programu ni nzima, kumbe watu walikuwa wamekaa kunihurumia, na huruma yao ikawa kuniacha. Nikavuta kompyuta karibu, nikaweka faili jipya, stika ya kwanza ikatoka imenyooka. Ilikuwa kazi ndogo, na makusudi kabisa niliifanya polepole. Sikufoka.

"Asante, baba," akasema. "Safari ijayo hatutakusumbua kwa vitu vidogo."

Nilikuwa nimeshashika helmeti. Nikaitundika tena kwenye usukani.

"Niiteni, mama," nikamwambia. "Hata programu ikiwa nzima, niiteni."

Aliingia ndani, akatoka na kiti, akakiweka kivulini karibu na chake.